Rangi Ibandukayo Darini

Dari ni sehemu ya nyumba ambayo watu wazima wenye afya huitazama kwa nadra. Mgeni aingiapo sebuleni hutazama viti, hutazama picha zilizotundikwa ukutani, na akiwa mtu makini hutazama hata sakafu. Lakini ni wageni wachache wainuao macho juu. Waijuao dari vyema ni mtoto mchanga alalaye chali, mgonjwa asiyeweza kujigeuza, na mtu aliyenyimwa usingizi na mawazo. Hao huijua dari kama msafiri aijuavyo njia yake. Wajua palipo na waa, wajua palipo na ufa, na wajua pale rangi ilipojikunja kama jani kavu, ikingoja upepo mdogo tu ipate kuanguka.

Katika insha hii nataka kusema nawe, msomaji, juu ya rangi ibandukayo darini: sababu zake, hatari zake na dawa yake. Huenda ukaona kuwa jambo hili ni dogo mno kuandikiwa insha. Sikulaumu. Lakini kumbuka kwamba nyumba ndiyo nchi ya kwanza ambayo binadamu hupewa kuitunza, na asiyeweza kuiona kasoro iliyo juu ya kitanda chake, sijui ataionaje kasoro iliyo katika nchi yake. Tena jambo hili lina elimu nyingi ndani yake. Lina elimu ya joto na ya maji, elimu ya madini na ya sumu, na, kama utakavyoona, lina elimu ya mioyo ya watu pia.

Nyumba nitakayoisema iko Mata. Mata ni sehemu ya Taveta, katika Kaunti ya Taita Taveta, penye nchi tambarare ielekeayo Ziwa Jipe na mpaka wa Tanzania. Asubuhi isiyo na mawingu huonekana mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, na theluji yake ambayo imekuwa ikipungua miaka hata miaka. Na ng'ambo ya ziwa husimama milima ya Upare. Milima hiyo hutuonyesha baridi kwa mbali, lakini haitupi. Mchana jua huyapiga mabati hata mkono usiweze kuyagusa. Usiku, anga likiwa wazi, mabati hayo hayo hupoa upesi. Mvua zetu si nyingi, lakini zinyeshapo, katika masika ya Machi hadi Mei na katika vuli ya Oktoba hadi Disemba, huja kwa kishindo na huitafuta kila nafasi iliyoachwa wazi na uzembe.

Nyumba hiyo aliijenga marehemu baba kwa mshahara wa ukarani katika shamba la katani. Iliezekwa mabati mwaka 1969, na mwaka uliofuata akatia dari ya bodi laini, zile zinazofanywa kwa nyuzi za mti zilizoshindiliwa. Wakati huo dari haikuwa jambo la kawaida katika nyumba za majirani zetu. Watu walikuja kuitazama, na mzee mmoja akasema kwamba nyumba ile imevaa kofia mbili, moja nje na moja ndani. Alisema kweli. Dari hupunguza joto la mabati na kelele za mvua, na huzuia vumbi lisidondoke katika chakula.

Mara ya kwanza baba aliipaka chokaa iliyochanganywa na gundi, rangi rahisi iliyotumiwa sana siku hizo. Baadaye, mwaka niliozaliwa mimi, aliipaka rangi ya samawati kwa mkono wake mwenyewe. Alisema kuwa mtoto alalaye chali yafaa aone kitu kinachofanana na mbingu. Rangi ile ilidumu miaka mingi, kwa kuwa baba hakuacha msumari uliolegea juu ya paa hata msimu mmoja. Alipofariki dunia, paa lilipoteza mlinzi wake, na hapana mtu aliyeshika zamu.

Ikafika siku ya kuozwa binti wa dada yangu. Fundi mmoja aliletwa kuipamba nyumba. Fundi huyo hakuosha dari wala hakuikwangua. Aliipiga rangi ya maziwa juu ya samawati kwa siku moja tu, akapokea fedha zake, akaenda zake. Harusi ilifana, na wageni waliisifu nyumba. Lakini masika mawili hayakupita kabla rangi ya maziwa haijaanza kuvimba malengelenge, kisha kupasuka, kisha kuning'inia vipande vipande. Na kwa kuwa ilishikamana na samawati kuliko samawati ilivyoshikamana na chokaa iliyo chini yake, kila kipande kilichoanguka kilikuwa na nyuso mbili: upande mmoja maziwa, na upande wa pili buluu ya mbingu ya baba.

Mama aliyazoea hayo. Kila asubuhi alifagia vipande vilivyoanguka usiku, kama mtu afagiavyo majani chini ya mwembe. Tulipomwambia kuwa dari yahitaji kutengenezwa, alijibu, "Nafagia kila siku, mwanangu. Mradi nafagia, hakuna neno." Kitanda kilisogezwa kutoka kona moja hadi nyingine, kikiikimbia rangi, hata kona zikaisha.

Jambo lililovunja mazoea hayo ni mtoto. Binti yule aliyeolewa alikuja kumwamkia bibi yake pamoja na mwanawe, kitukuu cha mama, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Huo ni umri ambao mdomo huwa ni mkono wa tatu. Kila kitu hupelekwa huko kikajaribiwe. Mama mwenyewe ndiye aliyemkuta ameketi sakafuni kando ya kitanda, anatafuna. Alimfungua kinywa, na juu ya ulimi mlikuwa na kipande cha rangi, maziwa upande mmoja na samawati upande wa pili.

Mtoto hakuugua siku ile, na waliokuwapo walicheka. Mama yake hakucheka. Jioni, akiisha kumbeba mwanawe mgongoni, alisema kwa adabu na macho yake yakiwa chini, "Shikamoo, bibi, tunakwenda. Uniwie radhi, lakini sitamleta mtoto kulala hapa mpaka dari itengenezwe." Mama aliitikia salamu, na juu ya mengine hakusema neno.

Yafaa sasa tuiache familia hiyo kidogo, msomaji, tuulize kama binti yule alikuwa na haki ya kuogopa. Historia yajibu kuwa alikuwa nayo. Kwa karne nyingi watu walitia madini ya risasi katika rangi, kwa sababu yaliifanya iwe nyeupe sana, ikauke upesi na idumu. Madini hayo ni sumu, na ladha yake ina utamu kidogo, jambo ambalo huongeza hatari kwa watoto. Katika mji wa Brisbane, nchini Australia, daktari wa macho aitwaye Lockhart Gibson aliandika mwaka 1904 kwamba watoto aliowatibu walidhuriwa na rangi za barazani mwa nyumba zao. Jua kali lilikuwa limeigeuza rangi kuwa unga, watoto wakaushika unga, kisha wakatia vidole vinywani. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, uliofanyika Geneva, ulipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi isitumiwe ndani ya majengo. Hata hivyo nchi nyingi zilichelewa. Marekani ilikataza rangi ya risasi katika nyumba za watu mwaka 1978, miaka 74 baada ya onyo la Brisbane. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama mwilini. Hudhuru zaidi ubongo wa mtoto, na madhara yake hayafutiki: mtoto hupunguziwa uwezo wa kujifunza kabla hajaiona shule.

Rangi mpya za maji zinazouzwa na watengenezaji waaminifu hazitiwi risasi. Lakini rangi ya mafuta iliyopakwa kabla hujazaliwa haina cheti ubavuni mwake. Nasi tulipoitazama samawati ya baba, hatukuwa na chombo cha kuipimia. Mtu asiyejua kama nyoka ana sumu au hana, hamkamati kwa mkono ili ajue. Tuliamua kuihesabu kuwa ina sumu.

Hapo ndipo ulipotokea ugumu ambao sikuutazamia. Mama alikataa. Alisema, "Pakeni juu yake mkitaka, lakini msiikwangue. Samawati ile ni mkono wa baba yenu. Suti zake ziligawiwa, vitabu vyake vililiwa na mchwa, na baiskeli mwaijua ilikokwenda. Mkiikwangua hiyo, nitabaki na nini kilichofanywa na mkono wake?"

Nakusihi usiyacheke maneno hayo. Upo umri ambao mtu huishi zaidi na waliokwisha kuondoka kuliko na waliopo, na kwa mtu wa umri huo kipande cha rangi ni waraka. Tuliona haya kubishana naye. Tukamwita mjomba, mdogo wake mama, aliyefanya useremala kwa miaka mingi, ili aseme naye kama ndugu.

Mjomba hakusema naye kwanza. Aliomba ngazi, akapanda juu ya paa asubuhi kabla ya jua kuwaka, akakaa huko nusu saa. Aliposhuka alikuwa na misumari minne mkononi, ambayo aliing'oa kwa vidole tu, bila nyundo. Akatueleza jambo ambalo tangu siku ile silisahau. Bati hutanuka lipatapo joto na hunywea lipatapo baridi. Bati la urefu wa mita tatu, likipata tofauti ya nyuzi 40 za joto kati ya mchana na usiku, huongezeka na kupungua kwa karibu milimita moja na nusu. Ni kitu kidogo, lakini hufanyika kila siku, mwaka baada ya mwaka, na kila mara bati huuvuta msumari huku na huku. Tundu hupanuka, mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hukauka na kupasuka, na mvua hupata mlango. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumeona ukuta tu. Mjomba alituonyesha ufa.

Ndipo alipomgeukia mama. "Dada," akasema, "fedha ulizoweka za rangi, nipe ninunue misumari na mabati mawili. Rangi si dawa ya maji. Hata wakiipaka juu, mvua ya vuli itaibandua yote, ya fundi yule pamoja na ya shemeji. Samawati yake haibaki, upende usipende. Lililo mikononi mwako ni kuchagua tu kama itaondolewa kwa mikono yetu au itaanguka vinywani mwa watoto."

Mama alikaa siku tatu bila kutoa jibu. Siku ya nne alitoa ufunguo wa sanduku, akamkabidhi mjomba fedha, na kwetu akasema neno moja tu: "Baba yenu aliipaka kwa ajili ya mtoto." Nasi tulielewa.

Sasa nitakueleza kazi ilivyokwenda, kwa kuwa huenda siku moja ukahitaji kuifanya. Jambo la kwanza ni kujua sababu. Rangi hushika kwa kuuma vinyweleo vya kitu kilichopakwa. Kitu hicho kikiwa na maji, masizi, mafuta au unga, rangi haina pa kuuma. Maji yaweza kutoka juu, kwa tundu la bati; dalili yake ni waa la rangi ya chai lenye ukingo uliokolea. Yaweza pia kutoka chini, kwa mvuke wa chungu na pumzi za watu. Hewa ya moto hupanda ikiwa imebeba mvuke, nayo ikigusa dari iliyopozwa na mabati ya usiku, mvuke hugeuka umande. Umande ukikaa, huota kuvu. Dalili yake ni madoadoa meusi yaliyotapakaa, hasa jikoni na katika vyumba visivyo na matundu ya hewa. Masizi ya koroboi na ya kuni huweka utando wa mafuta ambao macho hayauoni, lakini rangi huuona.

Sababu nyingine ni chokaa ya zamani iliyo chini. Ijaribu kwa kidole kilicholowa maji: sugua mahali rangi ilipobanduka, kisha kitazame. Kidole kikitoka cheupe kama cha mwalimu aandikaye ubaoni, jua kwamba chini pana chokaa, na kila utakachopaka juu yake kitakuwa kama nyumba iliyojengwa juu ya majivu. Chokaa hiyo lazima ioshwe yote. Kidole changu kilitoka cheupe, na hivyo tulipata sababu ya pili, iliyo chini ya ile ya bati. Baba alipaka juu ya chokaa iliyo kavu, nayo ikavumilia kwa muda wote paa lilipokuwa zima. Maji yalipoingia, gundi ya chokaa ililegea, na rangi zote mbili zikakosa msingi.

Jambo la pili ni kuijua dari yenyewe kabla ya kuigusa. Bodi laini, ikivunjika, huonyesha nyuzi za mti. Lakini yako majengo ya zamani ambayo dari au paa lake ni la asbesto, mabamba magumu ya kijivu yenye nyuzi za madini. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya, pamoja na saratani, ambayo huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Katika sheria za Kenya taka za asbesto zahesabiwa kuwa taka za hatari. Ukiwa na shaka, usikwangue, usitoboe, wala usipige msasa. Waite wenye ujuzi.

Jambo la tatu ni paa. Tuliliziba kwanza: misumari mipya yenye mipira, na mabati mawili mahali pa yale yaliyooza. Kisha tukangoja. Kungoja ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa kuwa haina kelele wala haionekani kuwa kazi. Tuliiacha dari majuma matatu ya kiangazi ipate kukauka. Vipande viwili vya bodi vilivyolegea na kulainika kama mkate uliochovywa chai vilikatwa na kutiwa vipya.

Jambo la nne ni kukwangua. Tulitoa kila kitu chumbani, tukatandika turubai sakafuni, tukafunga nguo puani na mdomoni, na watoto wakapelekwa kwa jirani. Hatukukwangua kukavu. Tulinyunyiza maji kidogo kwa kitambaa, sehemu baada ya sehemu, rangi ikalowa, nasi tukaiondoa kwa kikwangulio cha bati pana. Njia hiyo huzuia vumbi, na vumbi ndilo sumu iliyo rahisi kuingia mwilini. Rangi ya zamani haichomwi kwa moto wala haipigwi msasa mkavu, kwa kuwa moto huigeuza kuwa moshi na msasa huigeuza kuwa unga. Vipande vyote vilitiwa katika mifuko, mifuko ikafungwa, na nguo zetu za kazi zikafuliwa mbali na nguo za watoto. Tuliosha mikono na nyuso kabla ya kula, bila kubakisha mtu.

Jambo la tano ni kuosha na kuziba. Chokaa ililowanishwa na kufutwa kwa sifongo, maji yakabadilishwa mara nyingi. Usiimwagie bodi maji mengi, kwa maana hunywa na kuvimba. Palipokuwa na masizi tulitumia maji ya sabuni, kisha maji safi. Dari ilipokauka, mashimo na viungo vilizibwa kwa lipu laini, na lipu ilipokauka ilipigwa msasa mwepesi, kwa kuwa hiyo ni mpya na haina sumu ya zamani. Juu ya mawaa ya maji tulipaka kwanza rangi ya awali ya mafuta. Usipofanya hivyo, waa hupenya rangi ya maji na kurudi kama siri isiyotaka kufichika.

Jambo la sita, na la mwisho, ndilo ambalo watu wengi hudhani ni la kwanza: kupaka rangi. Hupakwa kingo kwanza kwa brashi, kisha sehemu ya kati kwa michirizi iliyonyooka. Hupakwa mikono miwili myepesi, na mkono wa pili haupakwi mpaka wa kwanza ukauke. Rangi nzito ya mkono mmoja ni haraka ya mvivu, nayo humdondokea machoni. Shingo itauma. Pumzika, kwa maana mtu aliyechoka juu ya ngazi ni mtu aliyekwisha kuanza kuanguka.

Kuhusu rangi yenyewe, mama alichagua samawati. Alikuwa ameokota kipande kimoja kabla ya kazi kuanza, akakitia katika chupa ndogo, akaifunga kizibo. Tulikwenda nacho dukani Taveta, muuza rangi akakitazama kwa nje ya chupa, akachanganya buluu na nyeupe kidogo kidogo mpaka zikalingana. Nyumbani mjomba alipomaliza mkono wa pili, mama alisimama mlangoni akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akauliza mtoto ataletwa lini. Aliletwa Jumapili iliyofuata.

Msomaji, usidhani kuwa taabu za dari ni za watu wa mabati peke yao. Michelangelo, mchoraji wa Italia, alipoanza kuchora dari ya kanisa la Sistine huko Vatican, kazi iliyomchukua tangu mwaka 1508 hadi mwaka 1512, kuvu ilizuka juu ya picha zake. Inasimuliwa kuwa alikata tamaa, akataka kuiacha kazi, mpaka mjenzi mmoja akamweleza kuwa lipu yake ilikuwa na maji kupita kiasi. Kosa halikuwa katika rangi wala katika mkono wa mchoraji. Lilikuwa katika maji. Ikiwa maji yaliweza kumsumbua Michelangelo, hatuna sababu ya kushangaa yakitusumbua sisi wa Mata.

Wala hatuna haja ya kwenda Italia kutafuta mafundisho. Wajenzi wa Lamu na Unguja wa zamani walijua tabia ya chokaa. Waliyachoma mawe ya matumbawe kwa moto mkali, wakaizimua chokaa kwa maji, kisha wakaipaka. Nayo, ikikauka, hunywa tena kutoka hewani ile hewa iliyofukuzwa na moto, ikarudi kuwa jiwe. Kuta zao zilipumua. Dari zao zilikuwa boriti za mikoko zilizobeba mawe na chokaa, na chini ya dari hizo vizazi vingi vilizaliwa. Lakini hata jengo la namna hiyo halishindi utelekezwaji. Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mjini Unguja mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lililostahimili vita na wafalme halikustahimili uzee usiotunzwa. Nyumba kubwa na nyumba ndogo huugua ugonjwa mmoja, na dalili zake huanza juu, mahali tusipopatazama.

Ninyi mnaosoma katika shule za sekondari mwafundishwa sayansi darasani, na mwaifanyia mitihani. Nawaomba muifanyie na nyumba zenu. Kutanuka kwa bati, kuganda kwa mvuke, kushika kwa gundi na sumu ya madini yote yamo vitabuni mwenu. Lakini yamo pia juu ya vitanda vya wazazi wenu, ambao pengine hawakupata nafasi mliyoipata ninyi. Siyo aibu kwa kijana kupanda ngazi na kushika kikwangulio. Aibu ni kujua sababu ya jambo na kumwacha mama akifagia matokeo yake kila asubuhi.

Na mkutanapo na mzee anayekataa kuguswa kwa kitu kilichochakaa, msimharakishe. Mwelezeni sababu, mwonyesheni msumari uliong'oka kwa vidole, kisha mpeni siku tatu. Wengi wao hawapendi uchakavu. Wapenda mkono uliokuwako kabla ya uchakavu. Wakihakikishiwa kwamba mkono huo hautasahauliwa, wao wenyewe ndio wataoleta ufunguo wa sanduku. Kisha likishatengenezwa lililoharibika, mmoja wenu na ashike zamu ya paa, apande kila kiangazi kabla ya mvua, na ajaribu kila msumari kwa kidole chake.